Krismasi ya Kibosho, Februari ya Ulaya: kisa cha filamu moja na haki zake

Katikati ya Novemba, mwongozaji mmoja wa Moshi alipewa siku kumi za kujibu barua pepe. Tamasha la Ulaya la mwanzoni mwa mwaka, lenye soko la filamu pembeni yake, lilikuwa limeichagua filamu yake ya kwanza ndefu kwa sharti kwamba isionyeshwe hadharani popote kabla ya Februari. Wiki hiyohiyo chaneli moja ya king'amuzi ilimletea mkataba wa shilingi milioni sita. Na baba yake mkubwa wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwenye kihamba (shamba la ukoo la Wachaga) kilichopigiwa filamu hiyo, alikwishawatangazia ndugu wa Dar es Salaam na Mwanza kwamba Krismasi hii, wakipanda nyumbani, wataiona sinema ya ukoo.

Kisa hiki ni cha mfano. Nimekisuka kutokana na mambo yanayowakuta watengeneza filamu wa Kaskazini, na fedha za mikataba nimeziweka ili hesabu ionekane. Matamasha, filamu na sheria vinavyotajwa kwa majina ni vya kweli.

Filamu ina dakika 82. Watu wake wanazungumza Kichaga na Kiswahili, na inahusu ndugu watatu wanaogombea kihamba baada ya baba yao kufa bila wosia. Iligharimu shilingi milioni 38: akiba ya mwongozaji mwenyewe kutokana na kupiga video za harusi na send-off, mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, wa mama yake, na michango ya ndugu. Hakuna mfuko wowote wa filamu ulioweka hata senti. Kwa hiyo swali la usambazaji lilikuwa na sura ya deni, na kikundi cha mama kilikuwa kinakutana kila Jumamosi.

Milioni sita zinanunua nini

Ukiusoma mkataba wa chaneli haraka unaona milioni sita. Ukiusoma taratibu unakuta maneno "haki zote, kwa njia zote, dunia nzima, bila ukomo wa muda". Chaneli haikubuni jambo jipya hapo. Biashara ya Bongo muvi ilijengwa Kariakoo enzi za kanda na kisha DVD: mtayarishaji anapeleka kazi, msambazaji analipa mara moja, anaondoka na masta, yaani nakala mama. Alikuwa na sababu yake. Kazi ikitoka leo, kesho imedurufiwa na inauzwa barabarani, kwa hiyo aliyebeba hasara hiyo alidai kila kitu mapema. Serikali ilipoanza mwaka 2013 kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, watazamaji walikuwa tayari wanahamia kwenye flashi na simu. DVD ikafa. Mkataba wake ukabaki hai, ukahamia kwenye ving'amuzi.

Njia nyingine za nyumbani ni chache. Mtu wa Moshi anayetaka kukaa kwenye ukumbi wa sinema wa kisasa huwa anafikiria Arusha, kilomita 80 hivi, na huko filamu ya Kichaga inashindania nafasi na zile za Hollywood. Vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video, vipo kila mtaa, lakini vinaishi kwa mpira na filamu za nje zenye mtu wa kutafsiri, na haki za mtengenezaji hazimo kwenye hesabu zao. YouTube ipo, na binamu yake mmoja alishikilia kwamba wapandishe huko mara moja wakusanye matangazo. Ushauri huo ulikuwa mbaya kuliko hata wa chaneli. Filamu ikishapanda YouTube kwa kila mtu, onyesho la kwanza duniani limekwisha, na mnunuzi wa nje hana tena cha kununua ambacho jirani yake hana bure.

Tamasha lenyewe halinunui

Vijana wengi wanaopeleka filamu nje wanadhani tamasha ni mnunuzi, au kwamba tuzo ndiyo inayoleta pesa. Waandaaji wa tamasha hawanunui filamu. Kazi yao kwa mtengenezaji huru ni kuchuja. Wachaguzi hupitia maelfu ya maombi na kubakiza makumi machache, na msambazaji wa Ubelgiji ambaye hajui Kibosho iko upande gani wa mlima anaweza kuegemea macho yao. Pamoja na kuchuja, tamasha hutoa tarehe. Filamu isiyo na tarehe inaweza kusubiri miaka kwenye eksteno, yaani diski ya kuhifadhia. Yenye tarehe inawalazimisha watu kuwa na maoni wiki hiyohiyo, kwa sababu washindani wao nao wamekaa ukumbini.

Halafu kuna jambo ambalo huku halisemwi vya kutosha. Mawakala wa mauzo, yaani wale wanaoichukua filamu na kuiuza nchi kwa nchi, hawasubiri onyesho ndipo watafute filamu. Wanazifuatilia orodha za matamasha makubwa kabla hazijatangazwa, na makubaliano mengi na wakala hufungwa kati ya siku ya barua ya mwaliko na siku ya onyesho. Maana yake mwongozaji wetu alikuwa na nguvu kubwa zaidi Novemba, akiwa bado yuko Moshi na hajapata hata viza, kuliko Februari akiwa amesimama na kipaza sauti mbele ya Wajerumani. Ikifika Februari, wapo watakaokuwa wameipenda filamu na wapo watakaokuwa wameamua kwamba siyo ya kwao. Novemba wote bado wanaisubiri.

Ni muhimu pia kujua tamasha lipi lina soko la aina gani. Berlin ina soko la filamu zilizokamilika. Cannes ina soko lake tangu 1959. CineMart ya Rotterdam na Durban FilmMart, iliyoanza 2010, zinahusu zaidi miradi inayotafuta washirika na fedha kabla ya kupigwa picha. Mwenye filamu fupi anaambiwa Clermont-Ferrand, Ufaransa. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ambalo la kwanza lilikuwa 1998 na ambalo limezoeleka Ngome Kongwe, linampa mtu hadhira inayocheka mahali sahihi na mtandao wa Afrika Mashariki, na kwa filamu ya Kiswahili hicho si kitu kidogo. Ila anayekwenda Unguja akitarajia kurudi na mauzo ya Ufaransa amekosea mlango.

Mifano ipo karibu. *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji ilianza Toronto Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, mara ya kwanza tangu *Maangamizi* ya mwaka 2001. Ya kutoka Lesotho inanigusa zaidi kwa sababu mada inafanana na hii ya kihamba: *This Is Not a Burial, It's a Resurrection* ya Lemohang Jeremiah Mosese, kuhusu mjane mzee anayekataa makaburi ya kijiji chake yafunikwe na maji ya bwawa. Ilitengenezwa kupitia mpango wa Biennale College wa Venice, ambao wakati huo ulitoa euro 150,000 kwa filamu, ikaonyeshwa Venice 2019 na Sundance 2020, ikapata wakala wa mauzo Paris na msambazaji Marekani. Ni filamu ya Kisesotho, kutoka nchi ambayo karibu haina soko la sinema. Ilifika huko kutokana na njia iliyopitia.

Karibu zaidi na sisi ni *The Empty Grave* ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, iliyoonyeshwa Berlin Februari 2024. Sehemu yake ni ya huku Meru: ukoo wa Kaaya wanaotafuta mabaki ya Mangi Lobulu, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Filamu ile ilikuwa na mshirika wa Ujerumani tangu mwanzo, na mwaka huohuo ikaingia kwenye majumba ya sinema ya kule. Anayeanza na mshirika wa nje huwa ameshapata nusu ya usambazaji kabla ya kuwasha kamera. Mwongozaji wetu hakuanza hivyo, na hilo lilimgharimu, kama tutakavyoona.

Baba mkubwa na onyesho la kwanza

Ukiwaambia watu wa Dar kwamba onyesho la kwanza duniani ni mali, wanaelewa. Ukimwambia mzee wa Kibosho, unahitaji muda zaidi.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Nasikia sinema yangu inakwenda kwa Wazungu kabla sijaiona."

Mzee hakuwa mkaidi. Desemba kwa Wachaga ni mwezi ambao ukoo mzima uko mahali pamoja: walioko Dar wamerudi, ng'ombe amechinjwa, mbege ipo, na mambo ya kihamba yanazungumzwa wakati huo au hayazungumzwi. Filamu kuhusu kugombea kihamba, iliyopigwa kwenye kihamba chenyewe, ilikuwa na Desemba moja yenye maana, kisha kusubiri miezi kumi na mbili. Upande wa pili, matamasha ya Januari na Februari yanataka filamu ambayo hadhira haijaiona. Kwa watu wa Kilimanjaro kalenda hizi mbili zinagongana kila mwaka, na hakuna kitabu cha Ulaya cha kuuza filamu kitakachokuonya.

Suluhisho lilipatikana kwa kuuliza tu. Matamasha mengi hutofautisha onyesho la hadhara na onyesho la faragha kwa waigizaji, mafundi na familia. Aliwaandikia wachaguzi, akaeleza: watu 60 walioalikwa kwa majina, hakuna tiketi, hakuna bango, hakuna tangazo WhatsApp wala redioni. Wakajibu kwamba hilo haliharibu sharti lao. Angefanya bila kuuliza, halafu picha moja ya bango ikafika Facebook, mwaliko ungeweza kufutwa na asiwe na la kujitetea. Usiku wa tarehe 27 Desemba filamu ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa parokia, simu zikiwa zimekusanywa kwenye kapu mlangoni. Shangazi mmoja alilalamika kuhusu simu yake hadi mwisho. Mzee aliridhika. Alichotaka ni kuiona kabla ya wageni, na aliiona.

Mkataba wa wakala

Hapa ndipo kisa chote kilipo, na ndipo nisipokubaliana na wanaosema "ukishachaguliwa na tamasha kubwa umetoka".

Mwanzoni mwa Desemba wakala mmoja wa Ulaya, aliyekuwa ameona kiungo cha filamu chenye nywila, alituma ofa: dunia nzima, miaka 15, kamisheni ya asilimia 30, gharama za kuitangaza filamu zinakatwa kutoka kwenye mauzo bila kikomo, na hakuna malipo ya awali. Kwa filamu ndogo ya kwanza, kukosa malipo ya awali ni jambo la kawaida na halikunishtua. Kilichonishtua ni neno "bila kikomo".

Tufanye hesabu. Tuseme kwa miaka mitatu filamu inauza euro 24,000: chaneli moja ya Ulaya, msambazaji wa kumbi ndogo, shirika la ndege, na vyuo. Asilimia 30 ni euro 7,200. Wakala anasema ametumia 15,000 kwa mabango, safari za sokoni na tafsiri. Zinabaki euro 1,800. Tukiichukulia euro kuwa shilingi 2,800, hizo ni milioni tano na elfu arobaini. Chaneli ya king'amuzi ilikuwa inatoa milioni sita taslimu, wiki hiyohiyo, bila viza.

Ndiyo maana simlaumu anayeuza Dar. Tamasha likiishia kwenye mkataba mbaya, Ulaya inalipa kidogo kuliko Kariakoo, tena kwa kuchelewa.

Lakini alikuwa na barua ya mwaliko, na wakala wa pili alikuwa ameomba kiungo. Akajibu bila haraka. Kamisheni ikashuka hadi asilimia 25, gharama zikawekewa kikomo cha euro 8,000 huku kila matumizi ya zaidi ya euro 500 yakihitaji idhini yake, na muda ukawa miaka saba. Kwa mauzo yaleyale ya 24,000, kamisheni ni 6,000, gharama 8,000, na kwake zinabaki 10,000, yaani shilingi milioni 28. Filamu ni ileile, na wanunuzi ni walewale. Tofauti ya milioni 23 imetoka kwenye barua pepe nne za Desemba.

Kipengele kilichomtoa jasho zaidi kilikuwa cha nchi. Alitaka Tanzania, Kenya na Uganda zibaki mikononi mwake. Wakala hakupinga sana, kwani kwake Afrika Mashariki ni mstari mmoja kwenye jedwali na hana mtu wa kumuuzia. Alichosita nacho ni kusubiri: mnunuzi wa Ulaya anaweza kudai filamu isionekane kwenye televisheni au mtandaoni popote kwa muda fulani, asije akapunguziwa thamani. Wakakubaliana kwamba hakuna televisheni wala mtandao Afrika Mashariki kwa miezi 18 baada ya Februari, ila maonyesho ya ukumbini yaruhusiwe wakati wowote baada ya tamasha. Kwa lugha ya Moshi, Desemba inayofuata iko huru. Kama ningeambiwa nichague kipengele kimoja cha kupigania kwenye mkataba ule, ningechagua hicho kabla ya kamisheni.

Kuna mapato mengine ambayo wageni wa kazi hii hawayatarajii. Baada ya tamasha la kwanza, matamasha madogo huomba filamu yenyewe, na mengi hulipa ada ya kuionyesha, mara nyingi euro mia mbili tatu kwa onyesho. Aliyekuwa analipa ada za maombi kwenye FilmFreeway, tovuti ya kupelekea filamu kwenye matamasha, sasa analipwa. Mkataba useme ada hizo zinagawanywaje. Wake ulisema nusu kwa nusu, na za matamasha ya Afrika zote kwake.

Yaliyokula pesa

Kabla ya mwaliko alikuwa ametuma filamu kwenye matamasha 30 kwa ada ya dola 20 hadi 60 kila moja. Karibu nusu yalikuwa yale yanayotoa "tuzo" kila mwezi na kuuza kikombe kwa anayetaka kukishika. Alipata nembo sita za majani ya ushindi za kuweka kwenye bango, na sidhani kama kuna mnunuzi aliyezitazama. Maombi kumi ya makini yangetosha.

Pesa nyingine ilikwenda kwenye mambo ambayo mshirika wa nje angeyabeba: faili la kuonyeshea ukumbini linaloitwa DCP, kusahihisha rangi, sabtaito za Kiingereza na Kifaransa, viza ya Schengen ya euro 90 pamoja na basi la kwenda na kurudi Dar kwenye ubalozi. Tamasha lilimlipia hoteli na ndege yake peke yake. Mpigapicha alibaki Majengo, Moshi. Venice ina warsha inayoitwa Final Cut, iliyoanza 2013, kwa ajili ya filamu za Afrika na baadhi ya nchi za Kiarabu zilizo kwenye uhariri, na zawadi zake ni huduma hizihizi: rangi, sauti, DCP, sabtaito. Filamu hii ikiwa kwenye uhariri ingefaa kupelekwa huko. Hakujua, na aliyepaswa kumwambia ni sisi tunaojiita wadau.

Sauti nayo ilileta tabu. Kuna tukio la dakika moja kwenye baa, redio inapiga wimbo maarufu wa Bongo Fleva ambao haukulipiwa. Kwenye ving'amuzi huenda pasingekuwa na aliyeuliza. Wakala aliuliza siku ya kwanza. Ukaondolewa, na kijana mmoja wa Soweto ya Moshi akatunga mwingine kwa mkataba wa maandishi. Na kwa kuwa mazungumzo na sauti za mazingira zilikuwa zimechanganywa kwenye mkondo mmoja, mnunuzi aliyetaka kuingiza sauti za lugha yake alikataa. Mauzo hayo yalipotea moja kwa moja.

Sahihi za kihamba

Januari mwanasheria wa wakala aliomba karatasi ambayo haikuwamo kwenye bajeti: ruhusa ya maandishi ya wenye eneo lililopigiwa filamu. Baba mkubwa alikuwa amesema "pigeni tu", mbele ya watu, na kwa Kibosho hilo linatosha. Kwa kampuni inayouza haki Ulaya halitoshi, maana mtu mmoja wa familia akijitokeza baadaye kudai, mnunuzi ndiye anayeshtakiwa. Kihamba kile kina wadai watatu, na wawili kati yao hawajasalimiana tangu msiba wa babu. Filamu kuhusu ndugu wanaogombea shamba ilikwama kwa sababu ya ndugu wanaogombea shamba.

Mwongozaji alipanda Kibosho na mama yake, wakaitisha kikao cha ukoo kwa jambo hilo tu, na mzee akasisitiza kwamba kuruhusu kamera si kukiri nani mwenye kihamba. Sentensi hiyo iliandikwa kwenye muhtasari kama alivyoisema. Wote watatu wakatia sahihi, mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri, ikatafsiriwa na kutumwa siku nne kabla ya tarehe ya mwisho.

Februari filamu ikaonyeshwa. Desemba iliyofuata, ikiwa imekaguliwa na Bodi ya Filamu kama Sheria Na. 4 ya 1976 inavyotaka, ilizunguka kwenye kumbi za Kibosho, Marangu na Rombo kwa kiingilio cha shilingi elfu tatu, na VICOBA ya mama ikarejeshewa fedha yake kutoka kwenye viingilio hivyo, kwa sababu malipo ya kwanza ya wakala yalikuwa bado hayajafika. Chaneli ile ya king'amuzi imerudi na mkataba mwingine: shilingi milioni nne, Tanzania peke yake, miaka miwili kuanzia Agosti, miezi 18 itakapokuwa imetimia. Wanachobishania kwa sasa ni idadi ya marudio. Chaneli inataka yasiyo na hesabu, yeye amesimama kwenye sita.